Maji yakibeba pasipoti, usijifiche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenye watoto wanaosoma ng'ambo, na hasa na shangazi yangu wa Tanga. Tangu Jumapili hapokei simu zangu, lakini gazeti lako halimpiti.

Mwanawe anasoma Asheville, North Carolina. Kimbunga Helene kilipofika kwenye milima ile Septemba 27 mwaka huu wa 2024 kilikuwa kimeshapungukiwa upepo lakini maji kilikuwa nayo tele. Mto Swannanoa ulipanda ukaingia mpaka kwenye nyumba aliyopanga chumba. Alitoka na simu, chaja na bukta. Pasipoti na ile karatasi ya chuo inayoitwa I-20, inayothibitisha kwamba yeye ni mwanafunzi halali, vilibaki kwenye droo, na droo yenyewe haijulikani iliko. Hii ni wiki ya tatu na bado mji ule hauna maji ya bomba ya kunywa. Kijana alipopata mtandao akampigia mama yake, na mama yake akamwambia: "Mwanangu, kaa kimya. Usiende ofisi yoyote, usimwambie mtu umepoteza karatasi, watakurudisha huku. Acha mambo yatulie kwanza."

Maneno hayo nayajua karibu kwa ghibu. Niliyasikia mwaka 2017, kwa sauti ya baba wa mtu mwingine, simu ikiwa kwenye spika, mimi nimekaa pembeni natafuna biskuti za Msalaba Mwekundu.

Nilikuwa naanza mwaka wa pili wa chuo hapa Houston, Texas. Nilikaa na msichana mwenzangu kutoka nchi jirani na kwetu (nchi siitaji, na yeye simtaji, ingawa ameniruhusu nieleze kisa chake). Chumba chetu kilikuwa cha chini, kusini-magharibi mwa jiji, si mbali na Brays Bayou. Siku za kawaida ule ni mto mvivu tu, unaupita ukiwa kwenye basi wala huutazami. Kimbunga Harvey kilitua pwani ya Texas Ijumaa usiku, Agosti 25, kisha kikagoma kuondoka. Siku nne kinamwaga maji tu. Mji wa Nederland, mashariki mwa Houston, walipima zaidi ya milimita 1,500 za mvua ya kimbunga hicho kimoja. Kwetu Tanga mwaka mzima wa kawaida haufiki hapo. Waliokufa walizidi 100.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili niliamka kwenda msalani nikahisi zulia limeinuka chini ya nyayo, limevimba kama chapati inayopuliza. Kufika mlangoni, maji yako kwenye vifundo. Tukamaliza kuhamisha vitabu juu ya meza, yako magotini. Pasipoti zetu tulikuwa tunaziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, kwa kudhani bati ni salama kuliko droo. Kopo lilijaa maji na kuzama palepale, kama sufuria.

Tulikimbilia ghorofani kwa jirani, mzee wa kutoka El Salvador aliyekuwa akituita "hijas", wanangu. Ndipo nilipolifungua lile kopo. Wino wa sahihi kwenye I-20 ulikuwa umeachia ukaingia kwenye pasipoti, na uso wangu kwenye picha ukawa wa zambarau kuanzia pua kushuka chini. Yule mzee hakusema kitu. Alibandika kikaango kikavu jikoni, moto mdogo, akailaza I-20 yangu humo na kuanza kuigeuza kwa mwiko kama anachoma andazi. Ilikauka kweli, kisha nilipoikunja ikakatika vipande vinne.

Wakati anaigeuza alitusimulia ya kwake. Mwaka 2001 nchi yao ilipigwa na matetemeko mawili makubwa, Januari 13 na Februari 13. Yeye alikuwa tayari yuko Marekani bila makaratasi. Serikali ya Marekani ikatoa ulinzi wa muda kwa watu wa El Salvador waliokuwa wameshaingia, wasirudishwe kwenye vifusi, na wapewe kadi ya kazi. Watu wenyewe wanauita TPS, nami nitauita hivyo. Miaka 16 alikuwa ameishi kwa vipande vya miezi 18, kila kipande na fomu yake, ada yake na alama zake za vidole. Alikuwa na bahasha ya plastiki ya kufunga kwa zipu, nakala za kila fomu tangu 2001 zimo ndani, na usiku ule ilikuwa imening'inia shingoni mwake kama kitambulisho cha kazini. Hilo ndilo somo la kwanza la uhamiaji nililopata Marekani, na mwalimu alikuwa fundi rangi.

Boti ya watu wa kujitolea ilitutoa mchana wake, tukapelekwa kwenye ukumbi wa mikutano wa George R. Brown katikati ya jiji. Baada ya siku mbili tulikuwa kama watu 10,000 mle ndani. Hakuna aliyetuuliza pasipoti. Tulipewa kitanda cha kukunja, blanketi, na soksi ambazo ninazo mpaka leo. Lakini hofu ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Kabla ya kimbunga, doria ya mpaka ilikuwa imetangaza kwamba vizuizi vyake vya barabarani huko Texas havitafungwa mpaka barabara zenyewe zifungwe. Halafu kulikuwa na sheria mpya ya jimbo, ya kuwaruhusu polisi kuuliza makaratasi, iliyokuwa ianze Septemba 1. Jaji wa shirikisho alizuia sehemu zake kubwa Agosti 30, sisi tukiwa bado kwenye vitanda vya kukunja. Meya wa wakati huo, Sylvester Turner, ambaye alikuwa mwanasheria, alisimama akasema atakayekamatwa kwa sababu amekuja kutafuta msaada, yeye mwenyewe atamtetea. Watu walipiga makofi, wakaendelea kuogopa.

Kwa hiyo simlaumu baba wa mwenzangu alipopiga simu. Mtu aliyezoea ofisi ambako ukienda kusema umepoteza kitambulisho unaanza kwa kuulizwa uliitaka ya nini, atamwambia mwanawe nini zaidi ya "kaa kimya"? Alisema: nenda kwa ndugu zetu Dallas, usiende chuo, usiende uhamiaji, tutaona. Mwenzangu akaenda.

Mimi nilibaki, na si kwa ushujaa. Sikuwa na ndugu Dallas. Na nilikuwa nadaiwa.

Chuo kilipofunguliwa Septemba nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni nikiwa nimevaa fulana ya msaada yenye jina la timu ya besiboli nisiyoijua. Nikamwekea vipande vinne vya I-20 mezani. Mama yule aliniuliza kama nina nakala yoyote. Sina. Kompyuta imekufa, faili limeloa. Halafu nikakumbuka: baba yangu, ili benki ya Tanga ikubali kutuma ada, aliwahi kuipiga picha I-20 yangu na kunirushia kwa WhatsApp akiuliza namba fulani iko wapi. Nikaitafuta. Ipo, na kwenye kona ya chini limo dole gumba la baba. Mshauri akacheka, akaichapa hivyohivyo ikaingia kwenye jalada langu, na mchana ule akanitolea I-20 mpya. Rekodi ya kuingia nchini, ile I-94, tangu 2013 kwa anayefika kwa ndege iko mtandaoni, unaichapa bure. Pasipoti ilikuwa safari nyingine, ya ripoti ya polisi na ubalozi ulioko Washington. Lakini ile I-20 ndiyo iliyoniweka hai kama mwanafunzi.

Ndipo akaniambia jambo ambalo nisingelijua kamwe kwa kukaa kimya. Mwanafunzi wa kigeni aliyekwisha kusoma mwaka mzima wa masomo, akapatwa na dhiki kubwa ya fedha kwa jambo lisilo mikononi mwake, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa muda usiozidi mwaka kwa kila kibali. Ada ya fomu wakati huo ilikuwa dola 410. Watanzania wa Houston walinichangia. Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kwamba aliyepigwa na maafa anaweza hata kuomba asamehewe ada, na kuomba faili lake liharakishwe. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Kadi ya kazi ilifika kabla ya Krismasi, nikaanza kupanga viatu dukani.

Mwenzangu je? Hakujiandikisha masomo ya muhula ule. Barua pepe za chuo alikuwa anaziona na kuzifunga. Chuo, kwa sheria, hakina hiari: mwanafunzi asiyejiandikisha na asiyetoa sababu anafungwa kwenye mfumo wa serikali. Akafungwa. Kanuni inasema mwanafunzi aliyepoteza hadhi anaweza kuomba arudishiwe kama haijapita miezi mitano na kama kilichompata kilikuwa nje ya uwezo wake, na kanuni yenyewe inataja mifano. Mmoja wa mifano hiyo, Mhariri, ni maafa ya asili. Limeandikwa hivyo. Lilikuwa linamsubiri yeye. Alirudi Houston Aprili, miezi kama saba baadaye, akiwa na sababu nzuri kuliko ya mtu yeyote kwenye foleni ile, imeshachacha. Ilibidi aeleze kimbunga, halafu aeleze kwa nini alinyamaza miezi yote ile, na hilo la pili ndilo lililomshinda. Kuna waliomshauri "ajilipue", yaani aombe ukimbizi kwa hadithi ya kubuni. Alikataa, akarudi kwao. Leo anauza vipodozi, anaendelea vizuri, digrii yake imeishia mwaka wa kwanza.

Watu hudhani msaada wa uhamiaji wakati wa maafa ni msamaha unaotangazwa redioni na kumwangukia kila mtu kama mvua. Sivyo. Idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, USCIS, ina utaratibu wa kudumu wa dharura, lakini unafanya kazi kwa mtu mmoja mmoja, tena aliyeomba. Umechelewa kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya mafuriko? Wanaweza kukubali ombi lililochelewa. Ulikosa miadi ya alama za vidole au usaili? Wanapanga upya. Walikuandikia barua wakitaka ushahidi zaidi ikaelea na sanduku la posta? Waambie. Kadi imeloa? Unaomba nyingine. Kila mahali unapaswa kusema unaishi wapi, kimbunga gani, tarehe gani, kilikuzuia nini, na uweke ushahidi: picha ya chumba, barua ya mwenye nyumba, tiketi iliyofutwa. Mama mmoja wa Kenya aliyekuja kumlea mjukuu hapa Houston muda wake uliisha Agosti 28, 2017, siku ambayo viwanja vyote viwili vikubwa vya ndege vya jiji vilikuwa vimefungwa. Angeondoka wiki mbili baadaye bila kusema kitu, viza yake ingekuwa imejifuta na safari nyingine ingeanza na maswali. Binti yake alituma ombi la kuongezewa muda pamoja na ujumbe wa shirika la ndege wa kufuta safari, karatasi mbili tu. Mama yule ameshakuja mara mbili tangu hapo.

Kuna kitu kimoja ambacho kukaa mbali nacho ni sahihi, na hapa nakubaliana na shangazi kidogo. FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, linatoa fedha taslimu kwa raia, wenye grini kadi, wakimbizi na makundi mengine machache. Mwanafunzi mwenye viza halali hayumo. Mwenye viza ya kazi hayumo. Chakula, maji, kitanda, dawa, hivyo ni vya kila mtu. Pale ukumbini mwaka 2017 kijana mmoja mwenye kishikwambi alikuwa anapita kitanda kwa kitanda kusaidia watu kuandikisha, ana haraka, kidole kiko tayari juu ya kisanduku cha "raia". Nilimshika mkono. Kujitambulisha kama raia wa Marekani kwa uongo, hata kwa kuweka tiki tu, kunaweza kukufungia mlango wa nchi ile maisha yako yote, na si kosa linalofutwa kwa "samahani, nilikuwa nimeloa". Siku hizi wanaongelea dola 750 za FEMA kwa waliopigwa na Helene kila kona, na kampeni za uchaguzi zimeongeza chumvi. Binamu, hizo si zako. Ziache zipite.

Na vishoka. Huku nao wapo, wanaitwa wataalamu wa fomu, wanakutoza dola 300 kujaza karatasi ambayo mshauri wa chuo anakujazia bure, halafu wanakuandikia hadithi ambayo si yako. Wenye ruhusa ya kukushauri sheria ya uhamiaji ni mawakili wenye leseni na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, basi.

Shangazi aliniambia pia kwamba rafiki yake wa kanisani amesikia kuwa aliyepigwa na kimbunga Marekani "anapewa makaratasi". Hapo amechanganya na TPS, ambayo ni kinyume chake: nchi yako ndiyo inayopigwa, wewe ukiwa umeshafika Marekani. Haiti walipewa Januari 2010 baada ya tetemeko, Nepal 2015. Tanzania haijawahi kuwekwa kwenye orodha hiyo, hata Bukoba ilipotikiswa 2016 au tope la Hanang liliposhuka Katesh Desemba 2023. Tena hata walionayo hawalali usingizi mzito. Watu wa kisiwa cha Montserrat walipewa 1997 kwa sababu ya volkano, wakanyang'anywa 2005. Sababu? Volkano ilionekana kwamba itaendelea miaka mingi, kwa hiyo hali si ya muda tena, na ulinzi ulikuwa wa muda. Nilipomsimulia yule mzee wa El Salvador hakucheka. Januari 2018 serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kuwafungia na wao, watu takribani 200,000, na ni kesi za mahakamani zilizomwacha na ile bahasha yake shingoni, mpaka serikali yenyewe ilipoufuta uamuzi huo 2023.

Nikiwa hapohapo, nina swali la pembeni kwa waandishi wako. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 watu wa Goma, Congo, kwa mamia ya maelfu walivuka kwa miguu kuingia Gisenyi, Rwanda, na Mei 2021 maelfu wakavuka tena. Mpaka ulipitika kwa sababu watu walikuwa wengi na lava ilikuwa nyuma yao. Nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, Kenya na Uganda zikiwemo, ziliandika katika itifaki yao ya watu kusafiri huru, iliyopitishwa na mawaziri wao 2020, kwamba raia wa nchi mwanachama anayekimbia maafa aruhusiwe kuingia, na aongezewe muda kama hawezi kurudi. Tanzania si mwanachama wa IGAD. Mganda mfanyabiashara aliyeko Bukoba ardhi ikitikisika tena, kibali chake kikabaki chini ya ukuta, aanzie dirisha lipi? Ningependa kusoma jibu la Idara ya Uhamiaji kwenye gazeti hili, tena kabla ya tetemeko.

Nirudi Asheville. Kwa mwongozo wa serikali wa Oktoba 2021, ambao bado unatumika ninapoandika Oktoba hii ya 2024, mahali panapotolewa msaada wa maafa ni miongoni mwa sehemu ambazo maafisa wa uhamiaji wanatakiwa wasifanyie misako. Uchaguzi ni mwezi ujao na miongozo hubadilika, ndiyo maana nasema aende sasa, si mambo yakitulia. Ameshamaliza mwaka mmoja wa masomo, kwa hiyo hata ile njia ya kazi anaweza kuiomba. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake inafanya kazi kwa simu. Nimempa namba, anasema anasubiri ruhusa ya mama.

Shangazi, shikamoo. Ruhusa hiyo mpe leo. Halafu fungua simu yako, ingia kwenye picha za Julai mwaka jana, itafute ile I-20 uliyoipiga pale benki ulipokwenda kutuma ada, umrushie mwanao. Hata kama umepiga na kidole chako humo, irushe hivyohivyo.

Msomaji wako, mzaliwa wa Tanga,
Houston, Texas
Oktoba 16, 2024